Kikapu cha Mama Mkwe na Tunda la Kachi

Jumanne, mwezi mosi Mfungo Sita, 1303

Kikapu bado kinaning'inia mlangoni. Sikukitundika mimi. Alikitundika Somoe, muuza vitumbua, kwa amri ya mama mkwe wangu, Bi Mwanajuma wa Kaole. Kila apitaye anakiona, na kila akionaye anajua. Ningeweza kukishusha. Sikishushi. Si kwa woga, nina kazi nyingine.

Naandika mambo yalivyokuwa, maana Bagamoyo nzima inanisingizia. Mwezi uliopita Bi Mwanajuma alituletea kikapu cha embe za mwembe wake, huo anaousifu kuliko watoto wake. Nikala. Nyuzi tupu. Siku nzima nikashinda na kijiti mdomoni. Nikasema barazani, kwa sauti yangu ya kawaida, kwamba embe zile wangepewa mbuzi. Kisha nikamrudishia kikapu chake. Kitupu, ndiyo. Kikapu chake, embe zimeliwa, nimtilie nini? Mke wangu Mize akasema kwao haijapata kutokea chombo cha mtu kurudi kitupu, hata asiye na kitu hutia ndimu mbili au chumvi kidogo. Nikamwambia basi huko kwao chumvi ni nyingi. Akafunga nguo zake, akaenda kwa mama yake.

Sasa wamekirudisha, wamekitundika hapa mlangoni, na wamenitolea sharti. Kikapu kirudi na kitu ndani, pamoja na neno la kuomba radhi. Ndipo Mize arudi. Na Ijumaa ya wiki ijayo usiku, Maulidi yanasomwa kwangu, zamu niliyoigombea miaka. Bila Mize, pilau nani ataisimamia? Alawi, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, ameshaanza kupaka chokaa baraza lake, eti likihitajika kwa Maulidi. Asubuhi akipita anakiamkia kikapu. Anakiambia shikamoo, mtu mzima yule, na ndevu zake.

Nyumba kimya. Mize huimba akitwanga. Nilikuwa nadhani simsikii.

Radhi siombi. Kosa langu lipi? Kikapu nitakijaza, lakini kwa tunda ambalo yule mama hajaliona tangu azaliwe. Ajue embe zake ni kitu gani.

Alhamisi, mwezi 3

Nimekwenda dukani kwa Natvarlal, Banyani mwuza nguo. Nimemwuliza kwao Kachi, huko Bara Hindi, kuna matunda gani. Akafumba macho, akaanza kuyataja kama mtu anayesoma dua. Zambarau. Nikamwambia zambarau liko nyuma ya msikiti. Kunazi. Watoto wanatupiana njiani. Komamanga. Liko uani kwa Alawi. Topetope. Fenesi. Nikapandwa na hasira. Nchi ya mbali namna ile, bahari nzima katikati, na matunda yake yote yameshafika hapa kabla sijayahitaji!

Ndipo akainama chini ya meza akafungua kigunia alicholetewa na mama yake kutoka Kachi. Akatoa dude la duara, kiasi cha chungwa, rangi ya kijivu, gamba kama ubao. Kothu, anasema. Kwao wakubwa kwa wadogo wanalipenda, watoto wanaliiba, hata ndovu wa porini wanalitafuta. Hajalionja tangu aondoke kwao. Macho yakamlenga machozi, akalifuta lile tunda kwa shuka yake.

Ndovu! Hakuna mtu Kaole mwenye tunda la ndovu.

Nikamwomba anipe. Akakataa. Nikamsihi. Akakataa. Nikamwambia mimi ni mtu mkubwa mji huu. Akasema anajua, akakataa. Kisha akalalamika kwamba nyama hali, samaki hali, na maziwa ya hapa kila anayemletea ameyatia maji. Nikafikiri.

Uani kwangu kuna mbuzi wa maziwa. Ni wa Mize, alipewa na mama yake siku ya harusi. Lakini Mize hayupo na mbuzi yupo.

Jumamosi, mwezi 5

Mbuzi amekwenda, kothu zimekuja. Karibu kigunia kizima. Natvarlal amebakiza chache kwa ajili yake na amembusu mbuzi kichwani. Amempa na jina, Moti, kwao ni lulu.

Kisha akaanza kunifundisha. Kwanza, Bwana Kombo, uliangushe sakafuni, likiruka bado bichi. Halafu ulipasue hivi. Halafu usile hivyo hivyo, uchukue... Hapo nilimkatiza. Nimekula matunda kabla Banyani huyu hajajua njia ya Bagamoyo. Nifundishwe kula? Nikabeba kigunia nikatoka. Alinifuata mpaka kona ya msikiti akipunga mikono na kuita. Sikugeuka. Mtu ukimgeukia anadhani ana la kusema.

Njiani nikakutana na Alawi. Akauliza kama nimebeba makombora ya mizinga. Sikumjibu. Nilimjibu, lakini siwezi kuandika hapa.

Sikuonja hata moja. Zawadi ya wakwe haidokolewi, adabu ninazo mimi, wasije wakasema.

Jumapili, mwezi 6

Nimekishusha kikapu mwenyewe, mchana kweupe, watu wanaona. Nimekijaza kothu mpaka juu, nikafunika kwa kitambaa cheupe. Nimemkabidhi Somoe apeleke Kaole. Akauliza neno la radhi liko wapi. Nikamwambia neno langu ni hili: mwambie Bi Mwanajuma, hili ndilo tunda wanalolipenda ndovu, nami nikaona limfae yeye.

Somoe alinitazama. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Nimefagia ua. Nimenyunyiza marashi kitandani. Kinu nimekiosha, ingawa hakuna aliyeniambia. Kesho Mize atakuwa hapa.

Jumatatu, mwezi 7

Wanafiki! Wote wa Kaole, mpaka kuku wao.

Somoe ameniletea habari akiwa amesimama, hakukubali hata kuketi. Anasema kikapu kilipofunuliwa, majirani walikuwa wamejaa ukumbini. Bi Mwanajuma akashika tunda moja, akaligonga kwa kidole. Akauliza haya ni mawe au vinyago. Somoe akatoa neno langu la ndovu, kama nilivyolisema. Watu wote wakamgeukia mwenye nyumba. Bi Mwanajuma ni mwanamke mnene, hilo halifichiki, lakini mimi nilikuwa nimelisahau. Haki ya Mungu nilikuwa nimelisahau.

Wakajaribu kupasua. Kisu kikapinda. Wakaleta mchi, tunda likaruka likampiga paka. La pili likapasuka, na harufu iliyotoka, anasema Somoe, ni ya samli iliyochacha. Bi Mwanajuma akatia kidole, akaonja, akatema, akasema: basi, mkwe wangu ananitaka nife. Mize aliuliza swali moja tu, matunda haya ameyapata kwa kitu gani. Na Somoe, mdomo wake ule, akamwambia habari ya mbuzi.

Hayo bado si mabaya. Baya ni hili. Kikapu kimerudi, kimejaa embe. Embe zilezile. Bi Mwanajuma ametuma neno kwamba yeye, hata akitukanwa, chombo cha mtu hakirudishi kitupu.

Embe hizo nimezitazama mchana kutwa. Kwa hiyo sasa nadaiwa tena!

Jumatano, mwezi 9

Nimekwenda kumdai Natvarlal mbuzi. Nimemkuta ameketi mlangoni anakula kothu. Ameipasua vizuri kwa pigo moja, amechota nyama yake ya kahawia, ameivuruga na sukari guru na chumvi kidogo. Nikamwambia kitu chake ni uchafu, kimeniharibia nyumba. Akanitilia kijiko mdomoni nikiwa bado nazungumza.

Tamu. Chachu kama ukwaju, halafu sukari inakuja nyuma yake. Nilimaliza lile lote alilokuwa nalo mkononi. Sijapata kukasirika hivyo maishani mwangu.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia habari ya sukari guru. Akasema ndiyo aliyokuwa akiniitia mpaka kona ya msikiti. Nikamwuliza kwa nini hakuita kwa sauti kubwa zaidi. Akasema wavuvi huko pwani waliitika. Kisha akataka kujua kumetokea nini, nami kwa hasira nikamweleza yote, mawe, samli, paka. Uso ukambadilika. Akasema hizo ni kothu za mama yake. Mama yake amezichuma kwa mikono yake, halafu Kaole wanaziita mawe? Akafunga duka saa ile ile.

Mbuzi hakunipa. Nilimwona nyuma anatafuna nguo ya marekani, nikanyamaza. Aadabike.

Alawi amenishauri barazani kwangu, bila kuulizwa. Tia nazi tatu kikapuni, anasema, nenda Kaole kwa miguu yako, sema niwie radhi mama, rudi na mkeo. Maneno matatu na nazi tatu. Nikamwambia akapake chokaa.

Ijumaa, mwezi 11

Mize amerudi!

Nilikuwa uani nahangaika na sufuria ya kuazima. Nikasikia mbuzi. Nikageuka, Mize amesimama mlangoni, kamba ya mbuzi mkononi, mzigo wake kichwani. Akasema nimetia maji mengi, mchele huu utakuwa uji. Akanipokonya mwiko. Nikatoka nje, nikasimama barazani kidogo. Vumbi la chokaa ya Alawi liliniingia machoni.

Habari yenyewe nimeipata kwa Somoe. Juzi Natvarlal alikwenda Kaole, na sukari guru kwenye kitambaa, na mbuzi nyuma yake, maana mbuzi amekula jora zima la marekani na mwenyewe Banyani hamtaki tena. Akaketi ukumbini kwa Bi Mwanajuma akapasua kothu moja moja, akazivuruga, akawalisha watu wote. Akaeleza kwamba hata ndovu, mnyama mwenye akili kuliko wote, huchagua tunda hili. Bi Mwanajuma akala. Meno yake ni machache, na nyama ya kothu ni laini. Akala tena. Akasema kumbe mkwe wake alikuwa na nia njema, ila hana ulimi. Na kwa kuwa amemtuma mtu mpaka Kaole kumwombea radhi, basi yamekwisha.

Mimi sikumtuma mtu. Sikuomba radhi. Lakini siwezi kwenda Kaole kubishana, wageni wanakuja jioni.

Mize anatwanga viungo. Anaimba. Nimeketi karibu na dirisha, kwa ajili ya upepo.

Jumapili, mwezi 13

Maulidi yalijaa. Alawi aliketi nje kwa kukosa nafasi. Pilau ilisifiwa, na embe za Bi Mwanajuma zilipakuliwa zote, zikasifiwa kuliko pilau. Hata Natvarlal alipewa za kupeleka dukani, watu wanamshika mkono wanamwita mpatanishi. Mpatanishi! Nani alibeba kigunia? Nani alifikiri? Nimekula embe moja, kwa heshima. Nyuzi! Mpaka sasa kuna mmoja kwenye jino la nyuma hautoki.

Asubuhi Mize ameweka nazi tatu karibu na kikapu, akasema kumebaki kukirudisha tu. Akaenda kumkamua mbuzi. Nimeketi nikazitazama zile nazi, nikapiga hesabu yangu kwa utulivu. Yeye aliniletea embe. Mimi nikampelekea tunda la Kachi, akalila, akalisifu. Yeye akaleta embe tena, wageni wakazila, nyuzi nimebaki nazo mimi. Sasa nani anamdai nani? Na nazi tatu ndizo alizozitaja Alawi. Nikizipeleka, Alawi atasema nimemtii. Hilo sitalistahimili.

Somoe alipopita na vitumbua nimempa kikapu akirudishe Kaole. Akakipima mkononi, akanitazama. Nikamwambia aende, chepesi hakitamchosha. Nazi nimeziweka jikoni, tutapikia.

Najihisi mwepesi mwenyewe. Mambo yanataka mtu wa kuyakata. Mize ametoka uani, ameuliza kikapu kiko wapi, nimemweleza, hakubisha hata kidogo. Ameingia chumbani. Namwona kutoka hapa anakunja nguo zake moja moja na kuzipanga juu ya shuka. Tangu arudi amekuwa mpenda usafi sana. Sasa anafunga ncha za shuka, na mbuzi ameshatiwa kamba.