Malalamiko Kuhusu Risasi Zilizomo Ukutani Mwangu

Nyumba ya Kijani,
Nyuma ya Stesheni,
Voi.
Agosti, 1979

Kwa Bwana Mkuu wa Afya ya Nyumba,

KUH: RISASI

Bwana Mkuu, nakusalimu kwa heshima, na nakuomba usishtuke kwa neno hilo hapo juu. Mimi nimekwisha kushtuka kwa niaba yetu sote.

Jina langu ni Hudson Mwandawiro, karani mstaafu wa stesheni, mzee wa kanisa, na mwenye nyumba ya zamani hapa Voi. Nyumba hiyo ilijengwa na Mzungu mmoja wa mkonge kabla ya vita vya pili, nami niliichukua alipokwenda kwao baada ya Uhuru. Kuta zake zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani nusu ya chini, na madirisha na milango vilevile. Ni rangi nzito, si kama hizi za siku hizi ambazo ukiegemea unaondoka nazo mgongoni. Watu wakielekezana njia husema, "Pita kwenye nyumba ya kijani." Mimi huwasikia nikiwa barazani. Hapo hukaa wima zaidi kitini.

Mwezi wa sita serikali ilileta kanuni za nyumba za zamani, na pamoja na kanuni akaletwa afisa wako, Bi. Lois Muhonja. Ni binti mpole. Huvua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue. Hiyo ndiyo sababu imenibidi nimlalamikie kwa barua, kwa maana mtu mkali ningemfukuza mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno lenyewe.

Bi. Muhonja alikwangua ukuta wa sebule kidogo kwa kisu, akadondosha dawa yake pale, rangi ikageuka nyeusi. Akatoka barazani akasema kwa sauti ya mwalimu, "Mzee, ukuta wako una risasi."

Bwana Mkuu, chumba cha nyuma nimempangisha Nashon Ogutu, fundi wa garimoshi, na mkewe Namalwa. Wakati huo Namalwa alikuwa anaanika nguo. Sisemi kwamba alikwenda kutangaza. Nasema tu kwamba jua lilipotua, soko zima lilijua kuwa karani wa zamani ameficha risasi ukutani, na kila mtu ajua sisi tunaishi mlangoni mwa Tsavo, ambako ndovu wanauawa na serikali inawatafuta wanaowaua.

Kesho yake Konstebo Makau alifika na askari wawili wa wanyama. Walipanda darini, wakachimba chini ya migomba, wakapapasa godoro ninalolalia na mke wangu Margaret. Sikuwazuia. Niliwaeleza kwamba hii risasi ni madini, kwamba wenye viwanda waliichanganya kwenye rangi zamani ili ikamate vizuri. Konstebo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza risasi hizo ni za bunduki gani. Nikamjibu kwa unyofu kwamba si za bunduki, ni za rangi. Akaandika kwenye daftari lake: risasi, rangi ya kijani.

Jumapili hiyo mchungaji aliwaombea wote wenye silaha majumbani ili mioyo yao ilainike. Hakunitaja. Aliniangalia tu.

2. Kanuni ya kukwangua.

Kanuni inasema rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, isichomwe kwa moto, na isisuguliwe kwa msasa. Lazima iloweshwe kwanza. Sakafu itandikwe turubai, na vipande vyote vikusanywe vikiwa vibichi, visitupwe shambani. Tena vumbi lisifagiliwe kwa ufagio, lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Nakuuliza kwa heshima: tangu lini serikali huru ikamkataza mwananchi kufagia kwake? Na kama haitoshi, kanuni inasema akina mama wajawazito na watoto wakae mbali na kazi hiyo. Margaret, ambaye hana mimba wala hatarajii, alisikia sehemu ya akina mama tu. Alinipa kitambaa mkononi, akakaa uani na sufuria ya njegere.

Nashon aliponikuta nimepiga magoti sebuleni alisimama mlangoni. Kisha akaniuliza kama nimepoteza kitu.

3. Kanuni ya kumwambia mpangaji.

Mwenye nyumba anatakiwa amjulishe mpangaji wake hatari iliyopo. Nilimjulisha. Nilichagua maneno mazuri, nikasema kuna jambo dogo kuhusu dirisha lake, si la haraka. Nashon alinishukuru. Namalwa hakunishukuru. Alitoka nje akasimama mbele yangu, mkono mmoja kiunoni na mwingine tumboni, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba yeye ni mjamzito.

"Mzee," akasema, "dirisha hilo likifunguliwa, unga wa kijani unamwagika juu ya kitanda chetu. Ulikuwa unangoja nizae ndiyo uniambie?"

Nilimwambia nitalifikiria jambo hilo. Tangu siku hiyo hunisalimia vizuri kabisa, lakini hangoji nijibu. Hivyo ndivyo kanuni zako zinavyovunja ujirani, Bwana Mkuu. Zamani tulikuwa hatujui kitu na tulipendana.

4. Mtoto.

Sasa nafikia lalamiko ambalo ningependa ulisome umekaa.

Tunaye mjukuu, Susan, mtoto wa binti yetu Wakio anayefanya kazi Mombasa. Ana miaka mitatu. Alikuja kwetu akiwa msemaji sana, anaita kila treni kwa jina alilolibuni mwenyewe. Mwaka jana alianza kushikwa na tumbo. Akaacha kula. Akawa mtu wa kukaa tu, na treni zikapita bila kuitwa. Margaret alimpa dawa ya minyoo. Mimi nilisema ni maharagwe, baadaye nikasema ni upepo wa mkonge, baadaye tena nikasema ni kumkosa mama yake. Sababu nilizozitoa zilikuwa nzuri, na hakuna aliyezipinga, mpaka alipokuja Bi. Muhonja.

Yeye hakubishana nami. Alichuchumaa kando ya dirisha la sebule, mahali ambapo Susan hupenda kusimama na kuangalia reli. Akaniita nione. Ukingo wa dirisha ulikuwa na alama ndogo ndogo za meno.

Nilimweleza kwamba watoto hutafuna kila kitu. Akaniambia rangi hiyo ina utamu, ndiyo maana mtoto huirudia. Nasisitiza hapa kwamba kosa basi si la ukuta wangu. Kosa ni la aliyeitengeneza rangi ikawa tamu. Kama angeitia uchungu wa mwarobaini, mimi na wewe tusingejuana.

Bi. Muhonja alitupeleka hospitalini. Damu ya mtoto ilichukuliwa ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, daktari alitufungia mlango akasema damu ya Susan ina risasi. Nilimwambia daktari kwamba mtoto huyu hajawahi kupigwa hata kofi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Wote tuliokuwa chumbani tulijua maana ya lile neno, na hakuna aliyecheka.

Daktari alisema dawa ya kwanza ni kumtoa kwenye ile nyumba. Njiani kurudi nilimweleza Margaret kwamba tunaweza kumtoa kwenye dirisha tu, tukaweka kabati mbele yake. Tulipofika alikwenda moja kwa moja chumbani. Alifunga nguo za mtoto katika leso, akambeba mgongoni, akasimama barazani.

"Baba Wakio," akasema, "mimi nampeleka huyu Makwasinyi kwa dada yangu. Kule nyumba ni ya udongo, haijawahi kupakwa kitu. Wewe baki na rangi yako. Siku mkiagana, utatuita."

5. Hali ya mwenye nyumba.

Kanuni zako zinamjali mtoto, mjamzito, mpangaji, na hata shamba. Hakuna mahali zinapomtaja mzee anayebaki peke yake. Sasa najipikia. Ugali wangu unatoka na madonge, na hakuna wa kumlaumu. Jioni treni ya Mombasa ikipita najikuta nimesimama dirishani, na siku moja niliita jina lake, lile alilolibuni Susan. Ilibidi nikohoe, kwa sababu Nashon alikuwa uani.

Kwa hayo yote naomba serikali ichukue hatua zifuatazo:

Kwanza, itafutwe neno jingine la madini haya, ambalo halitaleta polisi.

Pili, rangi zote nchini zitiwe uchungu.

Tatu, badala ya kuondoa rangi kwenye nyumba, watoto waondolewe kwa sheria. Mtoto yeyote aliyezaliwa baada ya Uhuru asiishi katika nyumba iliyojengwa kabla yake. Kila mmoja apewe nyumba ya umri wake, wakue pamoja. Wazee tubaki na kuta zetu, kwa kuwa hatuna tena meno ya kuzitafuna.

Nne, Bi. Muhonja ahamishiwe mahali pasipo na ukuta wowote uliopakwa rangi. Kule atapumzika, na sisi pia.

Nisalimie makarani wako wote, na dereva aliyemleta Bi. Muhonja, ambaye alikunywa chai kwangu na hakusema neno lolote baya juu ya nyumba. Msalimie Bi. Muhonja mwenyewe, maana sina ugomvi naye nje ya barua hii. Isalimie pia familia yako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi ninayengoja jibu nikiwa nimesimama,

Hudson Mwandawiro

Baada ya kutia sahihi:

Bwana Mkuu, barua hii imekaa mezani tangu wiki iliyopita kwa kukosa stempu, na katikati ya hapo nimekwenda Makwasinyi. Niliteremka garini nikapanda njia ya shamba, nikamwona mtoto mmoja anakimbiza kuku. Nilimpita kwa macho nikitafuta wa kwangu, mpaka alipogeuka. Alinijia mbio, akanipekua mifuko yote miwili, akaniuliza kwa nini nimekuja bila mandazi. Shemeji yangu alisema mtoto huyo anawamalizia chakula. Nilikaa juu ya jiwe, na Margaret akaja akakaa karibu nami.

Nimerudi Voi. Dirisha la akina Nashon nimelimaliza jana, likiwa limeloweshwa kama inavyotakiwa, na leo nimeanza sebule. Chini ya kijani nimekuta rangi ya krimu, na chini ya krimu nyingine nyekundu, na zote zikiguswa na dawa aliyoniachia Bi. Muhonja zinageuka nyeusi. Kazi ni kubwa kuliko mtu mmoja. Margaret amesema harudi kwa neno langu, atarudi Bi. Muhonja akikagua na kusema nyumba ni salama. Kwa hiyo tafadhali usimhamishe. Mtume kwangu Jumatatu, asubuhi kama anaweza, na umwambie asivue viatu, sakafu imelowa.