Vibandiko vya Mlango wa Redfern

Idara ya Milango ya Umma ya mji wa Redfern, Manitoba, ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba mlango mkuu wa manispaa haukuwa umeharibika. Ulikuwa unapumzika. Ulifunguka nusu, ukapumzika, ukajifunga, ukapumzika tena. Wananchi waliopanga foleni nje, kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, waliombwa wavute subira.

Mkaguzi Orest Wachniak aliujua ukweli, na ulimnyima usingizi. Kwenye saketi ya mlango, chipu mbili zinazoendesha mota zilikuwa zinapata moto kupita kiasi, kwa kuwa kipande cha alumini cha kuzipoza kilikuwa kimelegea. Zikichemka hujizima zenyewe zisiungue, zikipoa huwaka. Kamati ya Joto ilikwisha kuzijadili na kuzipa onyo kwa utoro kazini. Kisha Mkurugenzi Clifford Pelletier akaagiza zikaguliwe kila asubuhi, na kila ukaguzi uthibitishwe kwa kibandiko cha manispaa juu ya chipu yenyewe.

Orest akakagua, akabandika. Joto likazidi, basi ukaguzi ukaongezwa. Kufikia Januari chipu zilikuwa zimevikwa vibandiko tabaka juu ya tabaka, kama mtoto aliyevalishwa na nyanya yake kwenda kucheza thelujini. Kile kipande cha alumini cha kuzipoza kilikaa juu ya rundo bila kugusa chipu yoyote.

Akaenda kwa Pelletier.

"Vibandiko ndivyo vinavyozidi kuzichemsha, bosi. Niruhusu nivibandue."

"Kibandiko ni mali ya umma, Wachniak. Atakayekibandua, kazi hana siku hiyohiyo. Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi michache."

"Basi kula donati yako unyamaze."

Orest akala donati. Mkewe alikwisha kuchagua mapazia ya kibanda chao cha kando ya ziwa. Angefukuzwa sasa, kibanda na pensheni vingekwenda na maji.

Mkurugenzi mwenyewe aliingilia mlango wa nyuma, kwa ufunguo wake. Lakini Jumatatu moja gazeti la mji lilikuja kumpiga picha mbele ya mlango mkuu, naye akatoka bila koti, kwa kuwa uongozi thabiti hauonekani vizuri ndani ya koti. Picha ikapigwa, mpiga picha akakimbilia gari lake lenye joto. Mlango ukajifunga. Chipu zikajizima. Ufunguo wa nyuma ulikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa ndani.

"Foleni inaanzia kule nyuma, mzee," alisema Mama Agathe Friesen, aliyekuja kukata leseni ya mbwa na aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari.

Pelletier aligonga kioo. Ndani alisimama Orest, bisibisi mkononi.

"Wachniak, bandua hivyo vibandiko."

"Ni mali ya umma, bosi."

"Naamuru mimi."

"Kesho utasema hukuamuru, na mimi ndiye nitakayefukuzwa. Sema hapo mbele ya watu, kosa ni la nani?"

Mkurugenzi akaitazama foleni. Masikio yalikuwa yameshaanza kumuuma.

"Kosa ni langu," akanong'ona.

"Sauti haifiki. Kioo kizito hiki."

Foleni nzima, mikono makwapani, ikaona vema kumsaidia kiongozi wake. "Anasema kosa ni lake!"

Orest aliona raha ambayo hakuwahi kuiona katika utumishi wake wote. Akabandua tabaka zote, akaziacha chipu zipoe, akaikaza alumini juu yake. Mlango ukafunguka wote, wala haukupumzika.

Pelletier akatanguliza mguu. Mama Agathe akamshika kiwiko kwa upole, akamsogeza kando, akapita. Wengine wakafuata mmoja mmoja hadi foleni ikaisha, naye akitetemeka pale ukutani. Kila mmoja alimwambia "samahani" alipompita, kwa kuwa watu wa Redfern wana adabu.