Taa ya Mashineni na Rubugo la Shangazi

Jumatatu, 6 Septemba 1954. Kemondo

Leo nimeamua. Mashine yangu ya kusaga itawasha taa ya umeme kabla ya wiki kwisha. Zahoro, mwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, amenunua karabai mpya. Kila jioni anaipiga pampu mlangoni ili mimi nione. Wateja wangu wakishasubiri kidogo wanahamia kwake kwenye mwanga, na madebe yao ya mahindi. Ananisalimu vizuri, lakini jicho lake liko kwenye kibatari changu. Haya, Zahoro. Karabai ni mafuta na kelele tu. Umeme ni akili!

Nimekwisha kuongea na Saburi, fundi wa malori wa Bukoba. Anasema gurudumu la injini yangu lina sumaku, nayo inazunguka bure kutwa. Nikiweka koili ya waya wa shaba karibu nayo, taa ya lori itawaka. Habari zitafika mpaka Muleba.

Jumanne, 7 Septemba

Waya nimepata kwa mzee anayesokota bangili. Nimeuzungusha mara mia tatu kwenye kipande cha chuma. Nikawasha injini. Wapi!

Saburi, aliyekuja kupokea mzigo bandarini, alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe waya lazima uvikwe kitu, mzunguko mmoja usigusane na mwingine. Ule wa madukani huja umepakwa tayari. Wangu uko uchi. Nilimuuliza mbona hakusema mapema. Akasema hakudhani kuna mtu angefanya vile.

Nikajaribu nyuzi za mgomba. Zilikatika. Karatasi. Iliungua. Nahitaji kitu chembamba, laini, kikavu. Nimewaza sana.

Jumatano, 8 Septemba

Shangazi Kokubanza, aliyenilea tangu mama alipofariki, ana sanduku chini ya kitanda. Ndani mna rubugo lake, nguo ya gome la mtoma, laini ajabu. Marehemu mume wake aliligonga kwa mkono wake, miaka mingi kabla Shangazi hajabatizwa, naye amelitunza ili azikwe nalo. Mchungaji anajua na hasemi kitu. Kila baada ya mvua analianika, analikunja, analirudisha.

Nawaza tu. Naandika hapa kwamba nawaza tu.

Rubugo lenyewe ni kubwa. Shangazi ni mwembamba, na kila mwaka anazidi kupungua.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimekata. Upana wa vidole vinne, pembeni, Shangazi akiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nilijiambia kwamba maiti hapimi nguo. Nikaona aibu kuwaza hivyo. Nikaendelea kukata. Vinne vikawa vinane, maana waya ni mrefu. Kutwa nzima nimeuvisha, kipande kwa kipande.

Ijumaa, 10 Septemba

IMEWAKA! Saa kumi na mbili unusu, jioni. Wanawake walipiga vigelegele. Zahoro alitoka na pampu yake mkononi, mdomo wazi. Shangazi naye akaja na fimbo yake, taratibu, maana nilimwita mwenyewe aone. Nilijivuna, sikatai.

Kisha injini ikapata moto, koili ikaanza kufuka. Moshi ulienda moja kwa moja kwa Shangazi. Akanusa. Akanusa tena. Hakuna mtu Kemondo anayeijua harufu ya rubugo kama yeye. Aligeuka, akaenda nyumbani.

Taa ikazimika. Nilipofika nyumbani nilimkuta amelikunjua mapajani, anapima ukingo kwa vidole.

Nilirudi kufunga mashine. Zahoro alileta karabai yake bila kuombwa, anishikie mwanga. Hata hilo liliniuma.

Jumapili, 12 Septemba

Siku mbili Shangazi hajasema nami. Ananiwekea ndizi mezani, anaondoka. Heri angenitukana!

Baada ya ibada nilimpigia magoti, waitu, jamani, nikaeleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mume wake, alipokuwa akiligonga, alimwahidi kwamba lingemfunika mpaka miguuni. Sasa halitafika. Hakusema kwa hasira. Alisema tu kwamba miguu yake huona baridi sana.

Nimelia. Mtu mzima mimi, mwenye mashine.

Jumanne, 14 Septemba. Kaagya

Nimekuja kwa baiskeli kwa mzee Ndyamukama, ambaye bado anagonga rubugo. Nilimwomba aniuzie kipande. Akasema atanipa, lakini nusu nigonge mwenyewe, kwa kuwa mwenye kosa ndiye anayetoka jasho. Viganja vimetoka malengelenge. Nikigonga nilimfikiria yule marehemu, jinsi alivyopiga nguo nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Sijawahi kufanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya mtu yeyote.

Jumatano, 15 Septemba. Kemondo

Nimerudi. Shangazi alikipapasa kipande, akasema upande mmoja umepigwa ovyo. Upande wangu. Lakini kitafaa. Akasema alinisamehe tangu Ijumaa, alikuwa anangoja tu niseme mwenyewe. Nilitaka kulia tena. Akaniapisha kwamba mkasi wangu hautagusa tena kitu kilichomo sandukuni mwake. Nikaapa kwa moyo wote. Nimebadilika kabisa. Anayesoma daftari hili na ajue hivyo.

Alishona mlangoni hadi jioni, mimi pembeni yake. Giza lilipoingia hakuiona tena tundu ya sindano. Nikamtungia uzi mara tatu. Inauma kumwona anapapasa hivyo, mzee wa watu, kwa mwanga wa kibatari. Anastahili taa. Tena kubwa.

Kiraka kimefunika pengo lote, miguu itafunikwa. Kipande kilichobaki ni kama shubiri mbili. Nimekishika hapa ninapoandika. Ni kikavu, ni chembamba, na sandukuni hakimo.