Nilivyokufa kwa Ajili ya Uwanja wa Riadha

Jumatatu, 7 Oktoba
Mimi, Radiša, ni mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa riadha. Kamati ni mimi na Kocha Vidosava, ambaye watoto anaowafundisha wanafanya mazoezi ya mbio katikati ya magari. Manispaa imetupa kile kiwanja cha magugu. Sharti: wakazi wakisawazishe wenyewe kabla ya Jumapili, la sivyo anapewa Tihomir mwenye baa, akigeuze maegesho. Tihomir! Kaniuliza mbele za watu kama kamati yangu yote inaenea kwenye baiskeli moja.

Jumatano, 9
Nimebandika matangazo mtaa mzima. Wamekuja wawili. Mmoja alikuwa anatafuta mbwa wake. Vidosava kaenda kumsaidia kumtafuta. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 10
Nimepata! Watu wa hapa hawasomi kitu ila matangazo ya misiba kwenye nguzo. Nimechapa langu: ukingo mweusi, picha yangu, na maneno kwamba Radiša anawasubiri wote uwanjani Jumamosi, waje na majembe. Akili hii nimeitoa wapi jamani!

Ijumaa, 11
Shangazi Ljubinka kazirai sokoni. Nimempigia simu kumtuliza. Kazirai tena. Nasikia Tihomir analia baani, anasema nilikuwa mtu wa watu. Mnafiki! Nimefurahi sana.

Jumamosi, 12
Mtaa mzima umefika, nguo nyeusi, ngano tamu ya kuliwa msibani, na pombe kali ya rakija. Majembe pia: walidhani wachimba kaburi wamegoma. Nikajitokeza kuwasalimu. Mayowe! Padri katimua mbio, kazunguka kiwanja kizima, wa kwanza kukitumia. Shangazi kanitandika shada la maua. Tihomir kaapa kwamba leo lazima mtu azikwe. Vidosava akapuliza filimbi, akawaambia mmeshakuja, mmeshakunywa, hasira zenu zimalizieni ardhini. Wamechimba hadi jioni, kila jembe na tusi langu. Tihomir kachimba kuliko wote, kwa aibu ya yale machozi.

Jumapili, 13
Manispaa imetia sahihi. Uwanja ni wetu! Vidosava kanishika mkono, akaniapisha nisidanganye watu tena. Nimeapa, tena kwa moyo mweupe.

Sasa bado kumwaga changarawe na kuchora mistari. Msibani hawatakuja tena. Lakini harusini? Nimeshabandika kila nguzo: picha yangu na ya Vidosava, maua pembeni, Jumamosi ijayo.

Bibi harusi bado sijamwambia.