Mkanda Wangu Umeshuka Nami Kwenye Gari

Heshima yangu imebaki njia panda, karibu na akina mama wauza ndizi. Anayepita huko aniokotee.

Mchumba wangu Zaina aliniambia jana kwamba baba yake, Papa Ramazani, anafika leo asubuhi kwa mashua kutoka Basoko. Anakuja kuongea mahari na wazazi wangu. "Umupokee vizuri," akasema. Nikajibu, "Nitamupokea na gari!" (Gari yenyewe nina mwezi nayo. Msifikirie mengi.)

Sasa, hii gari. Muuzaji alikuwa na mbili. Moja nyeupe, imezeeka, ubavu umebonyea, lakini mikanda yote inafunga na mifuko ya hewa iko. Nyingine nyeusi, vioo vyeusi, inameta kama kiatu cha bwana harusi. Haina mkanda hata mmoja! Mwenye nayo wa kwanza aliikata yote akafungia mizigo. Ile nyeupe ilizidi bei kidogo. Zaina akasema tuchukue nyeupe. Mimi nikamjibu kama waziri: "Pesa ya kuongeza sina. Usalama ni mambo ya matajiri. Na kifua ni changu, niache nichague."

Wiki iliyofuata nikanunua jante za kung'aa, rimu za magurudumu, na baffle mbili za muziki, kubwa kama makabati. (Ndiyo. Kwa pesa ileile niliyosema sina.)

Walibaki polisi wa roulage, wale wa barabarani. Nikaenda kwa fundi wa mikoba, akanishonea utepe mweusi, mpana kama mkanda wa kweli, umeshonwa duara, haukushikana na gari popote. Unauvaa begani, unapita kifuani, basi. Ukiwa kwenye usukani, polisi anaona mtu aliyejifunga. Nilijiona nina akili kuliko serikali nzima.

Bandarini, Papa Ramazani akashuka amevaa gilet ya rangi ya chungwa, ile ya kukufanya uelee ukianguka majini. Aliinunua mwenyewe, hamwamini nahodha yeyote. Nikamfungulia mlango kwa heshima zote, nikaongeza muziki. Akakaa, akaanza kufungua gilet yake. Mkono mwingine ukapapasa ubavuni mwa kiti.

"Mwanangu, mukanda iko wapi?"

"Papa, hapa mu muji hatukimbie sana."

"Na wewe uko nayo."

"Hii... ni ya chauffeur tu, papa."

 Halafu akafunga tena vifungo vyote vya gilet, akavuta kamba zake mpaka zikambana.

"Bon. Twende."

Joto! Akateremsha kioo. Ndivyo tulivyokatiza mji: baffle zinapiga, jante zinang'aa, na mkwe wangu amekaa mbele kama mtu anayesubiri mafuriko. Mama mmoja muuza samaki akapaza sauti: "Papa, mto imefika mpaka huku?"

Njia panda, polisi akatusimamisha. Mimi sikuogopa. Nikavuta utepe wangu mbele ya macho yake, kwa majivuno.

"Chef, niko nimefunga!"

"Nimeona. Leta document."

Document ziko nyuma, kwenye buti. Nikafungua mlango, nikaruka chini haraka, kama mtu asiye na kosa.

Mkanda ukaruka nami.

Nilifika nyuma ya gari kabla sijaelewa kwa nini watu wote wamegeuka. Polisi ananiangalia kifuani. Wauza ndizi wananiangalia kifuani. Motard mmoja, juu ya pikipiki yake, ndiye aliyepata neno la kwanza:

"Miss Tshopo amefika!"

Jamani! Utepe kifuani, kama mrembo aliyeshinda taji la mkoa wetu! Simu zikatoka. Mwingine akasema, "Miss, geuka kidogo, picha ya huku haijatoka vizuri." (Niligeuka. Sijui kwa nini niligeuka.)

Polisi akashika utepe kwa vidole viwili, akaufuata mpaka mgongoni, akarudi nao kifuani.

"Alors, umejifunga na nani?"

Kisha akainama dirishani, akaona gilet.

"Na papa, anavuka wapi?"

"Chef," akasema Papa Ramazani, "mu mashua ya mbao nilitaka kuivua. Mu hii gari, niliogopa."

Polisi alicheka mpaka akashikilia kofia. Lakini gari ameizuia, mpaka iwekwe mikanda ya kweli. Papa Ramazani akashuka, akagonga baffle na kidole.

"Pesa ya mukanda ilikosa, ya makelele ikapatikana?"

Nikazima muziki.

"Mahari tutaongea na baba yako, mambo ya mbuzi sina shida nayo. Lakini mikanda, nataka yote. Na nitavuta moja moja mimi mwenyewe kabla Zaina hajapanda."

Akaenda kwetu kwa miguu, gilet mwilini. Nilipofika nyumbani alishakula, na Zaina alishatumiwa picha. Ameandika neno moja: "Félicitations." Hongera, kama kwa Miss wa kweli.

Nawaomba msicheke. Hasa ninyi motards: casque, kofia ya kukinga kichwa, mmeivisha tangi ya mafuta, vichwa vinatembea uchi.