Ombi la Jumamosi Moja ya Kugombana

Kijiji cha Ujamaa, karibu na Lusahunga,
Wilaya ya Biharamulo.
6 Februari, 1979.

Kwa Mkuu wa Kambi ya Mafunzo.

Ndugu Mkuu wa Kambi,

Nianze kwa kukuomba radhi kwa ukimya wangu mrefu. Mwezi wa nane mwaka jana uliniandikia kunijulisha kwamba binti yangu, Limi Ndassa, ambaye ni muuguzi, amefika salama kambini kwa mafunzo ya awali ya kijeshi kwa mujibu wa sheria. Ulinitaka pia, kama mzazi, nimtie moyo na kumsaidia kwa kila njia katika kipindi hicho kigumu. Sikukujibu. Mtu aliyefundisha shule ya msingi tangu enzi za mkoloni hadi kustaafu hana udhuru wa kuacha barua bila majibu, nami siutafuti. Napenda tu ufahamu kwamba ukimya wenyewe ndio ninaoulalamikia. Ndugu Mkuu, nimemsaidia binti yangu mpaka nimeshindwa kufungua kinywa.

Nieleze chanzo. Sisi ni Wasukuma, tulihamia huku kutoka Shinyanga tukitafuta malisho. Kwetu, mtu akishika safari ya hatari, kama walivyofanya wazee waliobeba mizigo kwenda pwani au waliokwenda vitani, wanaobaki nyumbani hushika miiko kwa niaba yake. Mkubwa kuliko yote ni huu: katika nyumba hiyo hakuna kugombana. Neno kali likitamkwa nyumbani hugeuka jiwe njiani, na msafiri hujikwaa.

Zamani aliyesafiri alikuwa mume, na aliyenyamaza alikuwa mke. Limi hana mume. Wazee hawakuacha maelekezo yoyote juu ya msichana aendaye jeshini, basi mama yangu mzazi, Bibi Ng'washi, ikambidi aamue. Aliamua siku ileile Limi alipopanda lori, kwamba mwiko umwangukie mwenye sauti kubwa kuliko wote nyumbani. Hakutaja jina. Wote waliokuwapo walinigeukia.

Mimi ni Mkristo, na mambo hayo siyaamini hata kidogo. Nayashika kwa kumheshimu mama tu. Jambo hilo liwe wazi kabla sijaendelea.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kigoda cha Limi hakikaliwi na mtu mpaka arudi. Kwa hilo peke yake nisingekuandikia. Lakini Katibu Kata alipotutembelea, aliinama akikalie, na mama yangu akakivuta. Kiongozi huyo alishukia sakafu ya udongo akiwa na suruali nyeupe. Ningekuwa na uhuru wangu ningemwambia mama maneno mawili. Sikuwa nao. Katibu Kata alimalizia mazungumzo akiwa amekaa juu ya kinu, na tangu hapo hajarudi.

2. Mke wangu, Marsiana, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu alikuwa mtu wa kusikiliza, amebadilika. Kuku wake wanalala juu ya rafu ya vitabu vyangu. Koti langu la mvua amempa mchunga ng'ombe, kwa hoja kwamba mimi nina mwavuli. Ugali wa udaga, yaani wa mihogo iliyovundikwa, ambao anajua vizuri kwamba siupendi, umekuwa ndio ugali wa nyumba. Nikivuta pumzi tu kujiandaa kusema, yeye, bila kuacha kusonga, huniambia kwa sauti ya upole sana, «Baba Limi, mtoto yuko kwenye kwata.»

Nami huitoa ile pumzi jinsi ilivyoingia.

Nimejaribu kumwonyesha kwamba kuna tofauti kati ya kugombana na kurekebisha. Nimefundisha tofauti hiyo maisha yangu yote. Alijibu kwamba hata wanafunzi wangu hawakuwahi kuiona.

3. Habari za mwiko zimetoka nje ya nyumba. Hii ndiyo sehemu inayoniumiza. Jirani yangu Bukuru, mzaliwa wa huku, mtu ambaye mila zetu hazimhusu, ndiye amezishika kuliko sisi. Mbuzi wake waliingia katika mihogo yangu. Nilimwendea nikiwa nimeshapanga maneno. Alinipokea kwa furaha kubwa, akanipa kiti, akaniuliza Limi anaendeleaje, akasema mbuzi wamekosa na hawana la kujitetea. Kisha akaongeza, «Ila tusimwangushe askari wetu, Mwalimu.» Nilirudi nyumbani nikiwa nimemshukuru, na mpaka leo sijajua nilimshukuru kwa lipi.

Katika mkutano wa kijiji walitafuta mwenyekiti wa kamati ya kuchimba vyoo, kazi ambayo kila mwenye akili timamu ameikataa tangu tuhamie katika kijiji hiki. Nilichaguliwa kwa kauli moja. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kama nina pingamizi, akasubiri, akatazama mkutano, akasema, «Mwalimu hana.» Watu walipiga makofi kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

4. Nikiri kwamba ipo siku moja mwiko ulivunjika. Jogoo alishuka kutoka kwenye rafu akatua katika sahani yangu, nami nikamkemea kwa sauti ambayo, naambiwa, ilisikika hadi barabarani kwa madereva wa malori. Baada ya majuma kadhaa ikafika barua ya Limi. Alisema ameteguka kifundo cha mguu akiruka ukuta wa mazoezi, na kwamba anaendelea vizuri.

Nyumba nzima iliniangalia. Sikuwa na haraka. Niliwaonyesha kwamba Limi aliruka ukuta siku ya Alhamisi, ilhali mimi nilimkemea jogoo Ijumaa, kwa hiyo haiwezekani jambo la baadaye likasababisha la kabla. Hoja hiyo haina kasoro. Mama yangu aliisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Alhamisi ile nilikuwa sijakasirika bado.

Nilikuwa nimeanza kukasirika tangu Jumatano. Sikuona sababu ya kumwambia hivyo, lakini yeye ndiye aliyenizaa. Tangu siku hiyo nazungumza na kuku kwa adabu.

5. La mwisho linakuhusu wewe mwenyewe, Ndugu Mkuu. Umemfundisha binti yangu vizuri mno. Barua zake zinasema mguu umepona, amekuwa wa kwanza kati ya wasichana katika shabaha, na amechaguliwa kuongoza kombania yake kwenye gwaride. Mimi ni baba yake na moyo wangu umejaa. Lakini hapa kijijini hakuna hata mmoja anayekusifu wewe wala wakufunzi wako. Wanasema ni kwa sababu ya utulivu wa nyumbani. Wananikuta njiani wananishika mkono na kuniambia niendelee hivyohivyo. Yaani kadiri kuruta anavyofaulu ndivyo baba yake anavyozidi kufungwa mdomo, na mwisho wake hauonekani, kwa sababu mafunzo yaliyokuwa yaishe kabla ya Krismasi yameongezwa tangu nduli wa ng'ambo ya mpaka avamie nchi yetu. Sina neno juu ya kuongezwa huko. Nchi kwanza. Nauliza tu kama aliyepanga kuongeza muda alikumbuka kwamba kuna wazazi.

Kwa hayo yote, naleta maombi mawili. Kwanza, naomba uniandikie, kwa mhuri wa kambi, kwamba mafunzo si vita, na kwamba kuruta aliye ndani ya uzio, anayelishwa na kulindwa, si msafiri wa hatari kwa maana ile waliyoikusudia wazee. Mama yangu hasomi, lakini mhuri anauheshimu.

Pili, endapo hilo litakuwa gumu, naomba Jumamosi moja. Jumamosi hiyo, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, Limi aketi juu ya mkeka mahali tambarare. Asishike bunduki, asiruke ukuta, asipande kamba, asikaribie jiko, wala asisimame kumpigia mtu saluti, hata ukipita wewe mwenyewe. Ukishanijulisha tarehe, mimi huku nitajitayarisha, na saa nane itakapotimia nitaanza na rafu, nifuate koti, udaga, mbuzi na vyoo, kwa utaratibu na bila kurudia. Nimekadiria kwamba saa nne zinatosha. Saa kumi na mbili nitanyamaza, naye anaweza kusimama na kuendelea kulitumikia taifa.

Usidhani kwamba naandika barua hii kwa kuvunja mwiko. Mwiko unakataza sauti, na kalamu haina sauti. Hata hivyo nimeiandikia shuleni, si nyumbani.

Jumapili ijayo mama yangu atakutana na mjomba wangu, Mzee Mayunga wa Kasulo, waamue kama Jumamosi ya namna hiyo inakubalika kimila, au kama msafiri anahesabiwa yuko njiani hata akiwa ameketi. Wakishaamua nitakuandikia bila kuchelewa. Wewe nawe, nakuomba, uanze kutafuta mkeka.

Wasalimie wakufunzi wote, hasa yule afande ambaye Limi anasema huwaamsha kwa filimbi, na umwambie kwamba hajui bahati aliyonayo kuruhusiwa kupiga kelele alfajiri. Wasalimie wapishi, wasalimie makuruta wenzake wote, na wazazi wao ukipata nafasi ya kuwaandikia. Mama yangu anakusalimu, mke wangu anakusalimu, na Bukuru amesema nisisahau salamu zake, kana kwamba mnafahamiana.

Ni mimi, kwa heshima na utii,

Mwalimu (Mstaafu) Xavery Ndassa

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga barua hii wakati dereva wa lori la jeshi aliposimama Lusahunga na kuuliza nyumbani kwa baba yake Limi. Ametuletea salamu zake kwa mdomo, maana hakupata muda wa kuandika. Mafunzo yao yamekwisha. Amepangwa katika kikosi cha matibabu, wamekwisha kuondoka kuelekea Bukoba, njia ya vitani, na watakakovukia baada ya hapo hakuna aliyeambiwa.

Mama yangu alisema kwamba, kwa kuwa mwiko ulitangazwa kwa ajili ya mafunzo, na mafunzo yamekwisha, hahitaji kumngoja Mzee Mayunga, na mimi sasa niko huru mpaka watakapotangaza mwingine. Mke wangu aliweka chini sufuria, akaja akaketi mbele yangu, akakunja mikono mapajani.

«Haya, Baba Limi, nigombeze,» alisema. «Nigombeze kidogo tu, nyumba isikie kama siku zote.»

Nilikuwa na kila neno tayari, kama unavyojua. Nilimwambia chakula kilikuwa kizuri.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, maombi yangu yote mawili nayafuta, na mhuri usiupige. Barua hii nampa dereva, anayerudi kambini, hivyohivyo ilivyo, kwa kuwa lori halisubiri na karatasi nyingine sina. Lakini kama unayo njia ya kumfikishia Limi neno huko aliko, tafadhali mwambie kwamba huku nyumbani hakuna aliyegombana na mtu, na hakuna atakayegombana. Mwambie baba yake ndiye aliyesema.

X.N.