Kwenye Mvule, Geuka Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Naigaga, katibu wa kikundi cha vijana wa utalii hapa Kimaka, amebandika tangazo kwenye mlango wa kinyozi. Wanatafuta sauti. Mtu akija kuitazama Jinja atavaa visikilizi masikioni, atatembea mtaani kwetu, na sauti itamwongoza: hapa paliishi fulani, pale palitokea hili. Sauti moja tu itachaguliwa. Rekodi zipelekwe wiki hii; majaribio ya kutembea nazo ni Jumamosi.

Sauti hiyo ni yangu. Nilizaliwa hapa, katika nyumba ya mama, nyuma ya mvule mkubwa. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya wanajeshi ilipoanguka nasi tukahesabiwa watu wake, sisi Wanubi wengi tuliondoka na kile mikono ilichoweza kubeba. Mimi niliishia Eldoret, nikauza vitabu, nikazeeka kati ya rafu. Mwaka jana nilirudi kwa dada yangu Hajara, aliyetangulia kurudi zamani. Na bado mtaa mzima unaniita mgeni.

Mshindani wangu ni Barasa. Dereva mstaafu, Mkenya, Mbukusu. Lori lake liliharibikia hapa miaka ya tisini, naye akasahau kuondoka. Huyo ndiye anayeitwa mwenyeji! Kila tukikutana hunisalimu vilevile: karibu Kimaka, mzee. Leo kanikaribisha asubuhi na tena jioni.

Hajara amejaribu kunituliza. Akanikumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Nikamwambia mwaka umepita na sijapewa hata panga.

Jumanne, 5 Agosti

Hila. Barasa anarekodi kesho. Mtu aliyekauka koo harekodi.

Nimemwalika chakula cha mchana, kwa jina la ujirani mwema. Nimemwomba Hajara atie pilipili kwenye mchuzi kama anayemkomesha mwivi. Hajara akauliza mgeni wetu ana kosa gani. Nikasema mgeni! Umesikia ulivyomwita? Akatia.

Barasa kala. Machozi yakamtoka. Kala tena. Akasema tangu mama yake afariki hajawahi kupata mchuzi wa kumtoa machozi namna hii, akaomba abebeshwe kidogo kwenye bakuli.

Jumatano, 6 Agosti

Naigaga kapita kwetu akitabasamu. Kasema Barasa amerekodi, na sauti yake imeshuka, imekuwa nzito yenye mikwaruzo kama ya mtangazaji wa redio. Wasichana wa saluni wamesikiliza mara mbili.

Amenichezea kipande. Kulia kwako, duka la simu. Kushoto kwako, duka lingine la simu. Mbele, duka la simu lililofungwa. Hii ndiyo historia? Nimemwambia Naigaga kwamba mtaa si orodha ya milango. Akajibu kwa adabu kwamba angalau milango ipo.

Sijaelewa alichomaanisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda Mbale ili Barasa asinuse mpango. Mpwa wangu Isa amepanga chumba Namakwekwe, ameziba kuta kwa magodoro, na humo hurekodi kasida na nyimbo za harusi. Bodaboda aliyenipeleka alisikia Kiswahili changu, ambacho huku ni lugha ya askari, akakaa wima, akaniita afande njia nzima. Nilipomwambia niliuza vitabu aliitikia ndiyo afande.

Isa kashauri kwamba tungetembea kwanza Kimaka na simu mkononi, nirekodi nikiona. Nimekataa. Mtu hahitaji taa kutafuta mlango wa mama yake. Nimefumba macho, nikatembea ndani ya kichwa. Kutoka kwenye bomba la maji, uso ukielekea mtoni. Mbele hadi kwenye mvule. Kwenye mvule, geuka kushoto. Vua viatu, maana chini yake wazee wetu waliswali. Kisha nyumba ya fundi yenye milango ya kijani. Kisha ya mama.

Nje pikipiki zilipiga honi mara kwa mara, na kila mara Isa alinirudisha mwanzo. Sikuchoka. Ningeweza kulitembea lile eneo mpaka kesho.

Niandike ukweli, maana hii ni shajara yangu: upande ule sijafika tangu nirudi. Kila nikipanga kwenda, goti linakataa, nami nalikubalia. Hajara ameanza mara kadhaa kuniambia jambo kuhusu kule. Namkatiza. Nataka kupaona mwenyewe, kwa siku yenye heshima. Jumamosi ni siku yenye heshima.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala Naigaga amesikiliza rekodi yangu. Kasema ni nzuri sana na ya kusikitisha kidogo. Ila hapa kwetu, kasema, mtu akisikia Kiswahili sanifu kinamwambia simama, geuka, vua viatu, anatafuta kitambulisho. Bibi yake alikuwa jikoni. Aliposikia aliinua mikono yenye unga.

Akauliza kama ningelainisha. Nimesema historia hailainishwi.

Hajara kajaribu tena kuniambia lile jambo. Nimemwambia aniambie kesho, baada ya ushindi.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya heshima.

Tulikuwa Naigaga, wanakamati wenzake waliovaa vizuri, Barasa aliyekuja kuchungulia, na mimi. Kila mmoja na visikilizi vyake. Bomba la maji halikuwepo. Palikuwa na kibanda cha kadi za simu. Barasa akanitazama. Jambo dogo. Tukaelekeza uso mtoni, tukaenda.

Sauti yangu ikasema: mbele yenu mnaona mvule. Mbele yetu palikuwa na ua wa mabati. Nikajiambia mti uko nyuma ya mabati. Niliifuata sauti yangu mwenyewe. Niliiamini.

Kwenye mvule, geuka kushoto. Kushoto palikuwa na lango wazi. Tukaingia. Vua viatu. Tukavua. Simameni kimya. Tukasimama kimya.

Ua ule ni wa Sharifah, Mnubi mwenzangu, mjane mwenye ulimi wa wembe. Alikuwa anawangoja wakwe kutoka Bombo, watu asiowajua kwa sura, wanaokuja kumposa mjukuu wake. Akaona kundi la watu waliovaa vizuri wameingia bila kupiga kelele, wamevua viatu mlangoni, wameinamisha vichwa. Alipiga vigelegele. Mikeka ikatandikwa. Kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajala, na mkwe haulizwi kabisa.

Masikioni mwetu sauti ikasema: inueni macho, tazameni ukubwa wake. Tukainua macho, wote pamoja. Palikuwa na mbingu, na kamba ya nguo.

Sharifah alidhani tunaomba dua. Akasema amina.

Nilipaswa kueleza. Lakini nilikuwa natazama chini, kwenye jiko la nje, na kati ya mafiga nikaona kisiki kilichokatwa chini kabisa, cheusi kwa moshi. Naigaga alikuwa amenawishwa mikono na hakujua pa kuanzia. Barasa alijua. Alikaa mahali pa mjomba wa bwana harusi, akasifu kisira, ule mkate wetu mwembamba, akaongezewa, akatoa hotuba fupi kuhusu uvumilivu katika ndoa.

Wakwe wenyewe walifika wakati sinia la mwisho likipanguswa.

Aliyoyasema Sharifah sitayaandika. Baadhi yalihusu kilemba changu.

Nyumba ya mama sikufika. Nilirudi nyumbani bila viatu, nikidhani nimevivaa.

Jumapili, 10 Agosti

Hajara kapeleka mbuzi kwa Sharifah, na wakwe wamekubali kurudi wiki ijayo. Kisha ameniambia lile jambo. Mvule ulikatwa zamani, ukawa vitanda na milango. Nyumba ya mama ilianguka kabla yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanipa chai.

Mchana Naigaga kaja. Kamati imechagua sauti ya Barasa. Lakini wanakamati wote, kasema, hawazungumzii kitu kingine ila pale tulipoinua macho. Wanataka kituo kimoja kiwe cha kwangu. Nirekodi kifupi: hapa ulisimama mvule, ukakatwa, na huyu ndiye mwenyeji anayeukumbuka.

Mwenyeji. Alilitamka mwenyewe. Lilikuwa ndilo neno nililolitaka, mezani, kando ya chai.

Nimekataa. Sikungoja Eldoret miaka yote ile nije kuwatangazia watalii maiti ya mti. Rekodi haina kosa. Kosa ni la mtaa.

Hajara kasema mimi ni kichaa. Naigaga hakusema, ila aliniaga kwa upole wa kuaga mgonjwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Kama kosa ni la mtaa, mtaa urekebishwe.

Nimekwenda Busiu, kupita Mbale, ambako Isa amenitajia mwanamke anayekuza miche. Nimeomba mvule. Akauliza kama ni wa kupanda shambani. Nikasema ni wa kurudisha. Akanipa mche wenye urefu wa kiganja na majani matatu. Nimeupakata hadi Jinja. Abiria jirani kauliza kama ni dawa. Nimesema ndiyo.

Jumatano, 13 Agosti

Sharifah huenda sokoni mapema. Nilingoja lango libaki wazi, nikaingia, nikasogeza mafiga kidogo, nikapanda. Pembeni mwa kisiki, pale pale. Nikamwagia maji ya birika lake. Ukapendeza sana.

Karudi kabla sijamaliza kuutazama.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliweka kapu chini. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akalitia mikononi mwangu. Akasema nichimbue nilichopanda jikoni mwake, nifukie, nisawazishe, na nikimaliza nikumbuke njia ya kutokea.

Barasa alikuwa anapita njiani. Aliniona nimesimama uani kwa mtu, jembe mkononi, miguu ina udongo. Akafungua mdomo kunikaribisha. Akatazama jembe. Akaufunga, akaenda zake.

Jembe. Ndani ya Kimaka. Nimepewa mbele ya shahidi.

Nimeung'oa mche kama nilivyoagizwa. Nimefukia, nimesawazisha hadi nikajisifu. Jembe sijalirudisha. Nimepima kwa macho na kuna sehemu nzuri nje ya ua, kushoto, inayogusana na ukuta wa Barasa. Mizizi ya mvule ina nguvu sana. Kesho nachimba.

Isa anasema kwa simu kwamba mti huo utachukua miaka hamsini kufikia ukubwa ninaoutaja kwenye rekodi. Sina ugomvi na hesabu yake. Nimemwomba tubadilishe sentensi moja tu: mkifika kwenye mvule, subirini kidogo.